Mtoto Hakusema Babu

MAELEZO YA SHAHIDI
Dawati la Jinsia na Watoto, Kaunti ya Embu

Yameandikwa: Jumapili, tarehe 15 Juni 2025, kuanzia saa tisa na dakika ishirini alasiri
Jina: Peninah Karwirwa
Umri: miaka 26
Kazi: mwalimu wa chekechea, darasa la PP1
Makazi: nyumba ya kupanga, soko la Kanja. Nyumbani ni Kinoru, Meru
Lugha ya maelezo: Kiswahili

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa. Koplo Cicily Igoki amenieleza kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa, nami nimeelewa. Niliandika maelezo mengine hapa siku ya Ijumaa. Maelezo hayo yana kosa, na kosa ni langu. Kwa sababu yake Mzee Nthiga, mwenye umri wa miaka 68, amelala mahabusu siku mbili na kesho asubuhi atafikishwa kortini. Mjukuu wake Kendi, mwenye miaka minne na nusu, kesho hiyo hiyo atapelekwa kwenye makao ya watoto. Nataka kosa lirekebishwe leo.

Nafundisha watoto ishirini na wanane katika Chekechea ya Rwamuthiga tangu Januari mwaka jana. Watu hudhani kazi yangu ni kuimba na kupangusa makamasi. Sikatai, makamasi yapo. Lakini kazi yenyewe ni kutazama. Mtoto wa miaka minne huwezi kumpa mtihani. Ukitaka kujua kama anaweza kuhesabu, mtazame akiwagawia wenzake vifuniko vya soda. Ukitaka kujua kama ana rafiki, angalia anakaa karibu na nani wakati wa uji. Mimi napenda kutazama tangu utotoni, mama yangu alikuwa akinifukuza dirishani wageni wakija. Chuoni niliambiwa kwamba tabia hiyo ina jina na inalipwa mshahara, nikafurahi sana.

Afisa ameniambia nirudi kwenye jambo lenyewe. Hili ndilo jambo lenyewe, kwa sababu kosa limetoka humo.

Nina daftari la kutazamia. Kila ukurasa nimeupiga mstari katikati. Upande wa kushoto naandika nilichoona na nilichosikia, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Upande wa kulia naandika ninachodhani. Mwalimu wangu wa chuo alituonya kwamba pande hizi mbili zisitembeleane. Siku nyingine namfuata mtoto mmoja tu na kuandika kila afanyacho kwa robo saa. Siku nyingine nachagua tendo moja na kuhesabu limetokea mara ngapi. Daftari nimelikabidhi kwa afisa pamoja na maelezo haya.

Mnamo Jumanne tarehe 10 Juni, saa nne na dakika tano asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye kiti kidogo karibu na kona ya nyumbani. Kona hiyo ina sufuria kuukuu, leso mbili na wanasesere tuliotengeneza kwa magunzi ya mahindi. Siku hiyo nilikuwa namfuata Kendi. Alichukua gunzi moja, akalifunga leso, akalibeba mgongoni. Alizunguka meza mara mbili akiliimbia. Kisha akalishusha, akalinyooshea kidole na kusema, "Guka, wacha!" Mwenzake akamwuliza kuna nini. Kendi akapandisha mkono wa sweta na kusema, "Guka huniuma."

Niliona alama kwenye mkono wake wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Ilikuwa ya duara, ukubwa wa kifuniko cha soda, imeanza kugeuka rangi ya zambarau. Yote haya niliyaandika upande wa kushoto kama ninavyoyasema. Guka kwa Kiembu ni babu, basi upande wa kulia niliandika maneno mawili na alama ya kuuliza: "Babu yake?"

Jumatano tarehe 11 nilihesabu. Kati ya saa mbili unusu na saa sita, Kendi alishika mkono wake ule mara saba. Alhamisi tarehe 12 alikuja na alama mpya kwenye mkono wa kushoto. Wakati wa kunawa mikono nilichuchumaa kando yake nikamwuliza nani amemfanyia hivyo. Akasema, "Guka." Nikamwuliza, "Guka wa nyumbani?" Akasema ndiyo. Nikamwuliza huwa ni saa ngapi. Akafikiri, akasema, "Akinyimwa uji. Anakasirika."

Sasa nataka nieleze jinsi akili yangu ilivyofanya kazi, kwa sababu nadhani ya wengi ingefanya vivyo hivyo. Wazee wa huku kwetu, wa Embu na wa Meru, wanapenda uji wa wimbi uliochacha. Baba yangu akikosa wake jioni hasemi na mtu. Basi nilimwona Mzee Nthiga, ambaye sikuwa nimezungumza naye zaidi ya salamu, amekaa kwenye kigoda, amenyimwa uji, amekasirika, na mtoto yuko karibu. Nilimwona waziwazi kabisa. Sikuwa nimeona kitu chochote.

Ijumaa tarehe 13, saa mbili asubuhi, nilijaza fomu ya taarifa ya mtoto. Fomu ina mistari minne na imeandikwa juu, "Eleza kwa ufupi." Niliandika hivi: "Mtoto anasema babu yake humuumiza anapokasirika. Ana alama mikononi." Nikampelekea mwalimu mkuu, Bwana Ishmael Mugendi. Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mwalimu, hii maneno ni kubwa," alisema. "Mtoto mwenyewe ndiye amesema?"

"Ndiyo. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Basi mimi siwezi kukalia hii kitu."

Akapiga simu polisi papo hapo. Simlaumu. Sijutii pia kwamba nilitoa taarifa. Mtoto akiwa na alama na akataja mtu, mwalimu akinyamaza hafai kukaa na watoto. Ninachojutia ni maneno niliyoyatumia.

Siku hiyo hiyo niliandika maelezo hapa kituoni kwa maneno yale yale ya fomu, na saa nane unusu mchana niliwaongoza maafisa wawili hadi nyumbani kwa Mzee Nthiga, kilomita mbili hivi kutoka sokoni. Kendi hutoka shule saa sita, hivyo alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe mkononi. Mzee alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Afisa wa kiume akamsalimu, akamwuliza, "Mzee, wewe ndiye Guka wa Kendi?"

"Ndiye mimi."

"Umekuwa ukimuumiza huyu mtoto?"

Mzee akaweka panga chini polepole. "Nani amesema?"

"Mtoto mwenyewe."

Mzee alimtazama Kendi. Nilimwangalia usoni, hiyo ndiyo kazi yangu, na sikuona hasira. Alikuwa kama mtu ambaye hajasikia vizuri na anaona aibu kuomba arudiwe. Baada ya hapo hakujibu swali lolote tena. Alinawa miguu, akavaa koti, akasema kwa Kiembu kwamba ng'ombe akamuliwe kabla giza halijaingia. Kendi alibaki mlangoni. Jirani, Mama Ciakuthii, alikuja akamchukua.

Afisa ananiuliza kama Ijumaa nilimwona mtoto mwingine pale nyumbani. Najibu kwamba sikumwona. Kwenye rejista ya shule Kendi ameandikwa kuwa mtoto pekee katika nyumba ya babu yake, na mama yake Linda Muthoni anafanya kazi ya kufunga miraa huko Kangeta.

Jumamosi tarehe 14 sikuwa na raha. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Saa tano hivi nikafungua daftari, si kwa sababu nilishuku chochote, ni mazoea tu. Nilisoma upande wa kushoto wa Jumanne. Nikafikia pale pa gunzi. Kendi alikuwa amelibeba gunzi mgongoni kwa leso, akaliimbia, akalishusha, na akaliita Guka. Nikasoma tena. Nikajiuliza, ni nani hubeba babu mgongoni?

Nilikaa na swali hilo mpaka chai ikapoa. Nikalinganisha daftari na nakala ya fomu. Katika daftari kuna neno Guka. Katika fomu kuna babu. Katika daftari kuna huniuma. Katika fomu kuna humuumiza. Nilikuwa nimefanya kama karani mwema, nimesafisha lugha ya mtoto ili wakubwa waelewe. Bado sikujua maana yake ni nini. Nilijua tu kwamba nimevuka mstari wangu mwenyewe, na kwamba nataka sana kujua Guka ni nani.

Leo Jumapili, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, nilienda kanisani Kanja, nikaomba kukaa na darasa la Sunday school. Darasa hukutana kwenye chumba cha mabati nyuma ya kanisa. Mama Ciakuthii alifika saa tatu kasorobo. Alikuwa amemshika Kendi mkono, na mgongoni alikuwa amebeba mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu hivi, mnene, macho makubwa. Sikuwa nimewahi kumwona.

Nilitoa daftari. Kendi aliponiona nalo aliingiza mikono yote miwili ndani ya sweta na kunigeukia mgongo. Katika mwaka mmoja na nusu wa kazi hii hakuna mtoto aliyewahi kunificha mikono. Iliniuma sana, na hapa namaanisha uchungu wa moyo. Nikalirudisha daftari kwenye mkoba, na kalamu pia, nikakaa nyuma kabisa nikatazama kwa macho tu. Niliyoyaona nimeyaandika baadaye, nje, nimeegemea tangi la maji, yakiwa bado mabichi.

Saa tatu na dakika arobaini watoto waligawiwa ndizi. Mama Ciakuthii alimweka yule mdogo sakafuni karibu na Kendi. Mtoto alimaliza ndizi yake kabla ya wote, akaitaka ya Kendi. Kendi akaiinua juu. Mdogo akavuta sweta, akakosa, uso ukakunjamana, akaushika mkono wa kushoto wa Kendi na kuuma. Aliuma kwa moyo wote, kama anayeuma muwa. Kendi hakulia. Alitazama kwanza kama kuna mtu ameona. Kisha akauficha mkono.

Mama Ciakuthii aliona. Akapiga kelele hadi chumba kizima kikageuka: "Guka! Wewe Guka! Wacha huyo msichana!"

Nilisimama. Nadhani niligonga benchi. Nilimwendea nikamwuliza, "Mama, huyu mtoto umemwita nani?"

"Huyu? Si ni Guka."

"Jina lake ni Guka?"

"Ai, mwalimu. Jina yake ni Nthiga. Linda hajaolewa, si lazima kijana wake wa kwanza achukue jina ya Mzee, baba yake Linda? Sasa Linda akimwita ni Baba, Kendi akimwita ni Guka. Ataitwaje na yeye ndiye Guka?"

Nikamwuliza kwa nini hakusema hivyo Ijumaa. Akanishangaa. "Niliambiwa Mzee anaumiza mtoto. Hakuna mtu aliniuliza kuuma. Angeniuliza kuuma ningemwambia, huyu anauma hata ng'ombe."

Amenieleza kwamba Linda alimleta mdogo huyo wiki tatu zilizopita, baada ya kumwachisha ziwa. Mchana anakaa kwa Mama Ciakuthii ili Mzee aende shambani. Usiku wanalala wote watatu kwa Mzee. Ijumaa maafisa walipofika, Guka mdogo alikuwa amelala kwa jirani.

Nataka iandikwe kwamba sikuwa na sababu ya kutojua. Mimi ni Karwirwa kwa sababu nyanya yangu, mama ya baba, alikuwa Karwirwa. Baba yangu ana miaka sitini na ananiita mama. Akinipigia simu husema, "Mama, umekula?" na sijawahi hata siku moja kuona ni ajabu. Bwana Mugendi amechukua jina la babu yake. Nimemwuliza afisa anayeandika maelezo haya, naye ameniambia kwamba Igoki ni jina la nyanya yake na kwamba wajomba zake humwamkia kama mama. Sote tuliosoma fomu ile, na waliokuja na gari, tumekua tukiitwa majina ya wazee wetu na kuitikia. Tulipoingia ofisini tukayaacha mlangoni.

Saa saba na dakika kumi mchana nilimpata Linda kwa simu. Tangu Ijumaa simu yake ilikuwa imezimwa. Anasema ilianguka ndani ya maji na leo ndipo ameazima nyingine. Hakuwa amejua lolote. Nilipomweleza akasema, "Mwalimu, ni huyo mdogo. Hata mimi ameniuma mpaka nikashindwa kunyonyesha, ndiyo maana nikamwachisha." Kisha akaniuliza baba yake amelala wapi. Nilimwambia. Akalia, nami nikalia barabarani karibu na duka la mbolea, watu wakipita. Ameniambia anatafuta gari Kangeta na atafika hapa kabla ya usiku.

Afisa ananiuliza kama nilimwuliza Kendi mwenyewe. Najibu ndiyo, saa nne na nusu, tukiwa nje. Nilimwuliza taratibu, "Nani amekuuma mkono?" Akasema, "Hakuna mtu." Nikamwonyesha alama. Akasema, "Ni mlango." Mama Ciakuthii ameniambia kwamba tangu Ijumaa Kendi halitaji jina lile. Mdogo akitaka kubebwa, Kendi anamwita "wewe". Kabla ya Ijumaa alikuwa mtoto wa kusema kila kitu kwa kila mtu, hata bei ya suruali ya mwalimu mkuu. Alisema neno moja la kweli shuleni, na kesho yake mchana gari lilikuja likamchukua babu yake. Yeye anajua nini zaidi ya hapo? Hili ndilo linaloniumiza kuliko kusimama hapa na kukiri kosa.

Afisa ananiuliza kama ninaweza kukosea tena leo. Najibu kwamba ninaweza, ndiyo maana naomba wasiamini upande wangu wa kulia. Alama mpya ya mkono wa kushoto imetokea leo saa tatu na dakika arobaini na mbili, Mzee Nthiga akiwa ndani ya kituo hiki. Alama zote zina ukubwa wa kifuniko cha soda. Mdogo ana meno manne juu na manne chini, yapimwe. Waliomwona akiuma ni mimi, Mama Ciakuthii, na mwalimu wa Sunday school.

Naomba fomu na maelezo yangu ya Ijumaa yafutwe sehemu inayosema babu, na yasomeke kama mtoto alivyosema: Guka huniuma. Naomba pia nikutane na Mzee Nthiga nimwombe msamaha, akikubali. Asipokubali ni haki yake.

Niliyoyasema hapa ndiyo yote ninayoyajua kuhusu jambo hili. Nimesomewa, nimerekebisha neno moja kwenye ukurasa wa pili, na nimetia sahihi bila kushurutishwa.

Sahihi: P. Karwirwa
Saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni

MAELEZO YA AFISA

Maelezo yameandikwa nami, Koplo Cicily Igoki, kwa Kiswahili, na kusomwa kwa sauti mbele ya shahidi. Nimepokea daftari moja la kurasa mia; yanayomhusu Kendi yako ukurasa wa 31 hadi 36.

Mama Ciakuthii aliletwa kituoni saa kumi na moja na robo pamoja na watoto wote wawili, naye ameandikisha maelezo yanayolingana na haya. Mkono wa mtoto wa kike umelinganishwa na meno ya mtoto wa kiume mbele ya mkuu wa kituo. Wakati wa kulinganisha, mtoto wa kiume aliuma kidole cha mkuu wa kituo. Mkuu ameagiza mshukiwa aachiliwe bila masharti, na afisa wa watoto amearifiwa kwa simu kwamba safari ya kesho haipo.

Mzee Nthiga alitolewa saa kumi na mbili kasorobo. Shahidi alimwendea akamwomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru. Mzee alimjibu kwamba amesikia, na kwamba hilo wataliongea siku nyingine, akishaoga. Shahidi alikubali.

Kwa kufunga faili nilitakiwa kumwuliza mtoto wa kike kama anamtambua mtu anayemchukua. Nilimwuliza, "Kendi, huyu ni nani?" Hakujibu. Alikuwa anaangalia kalamu yangu. Niliuliza mara ya pili, hakujibu. Niliiweka kalamu ndani ya droo, nikaifunga droo, nikamwonyesha mikono yangu yote miwili. Alimtazama babu yake kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni Guka."

Mzee akaitika.

Aya hii ya mwisho nimeiandika baada ya wao kuondoka.

Koplo C. Igoki